Kwa Mwanangu Masanja, Kuhusu Sindano za Jilala

Mwanangu Masanja,

Kama unacheka kwa kuitwa hivyo na msichana uliyemzidi miaka mitatu, cheka umalize, kisha uendelee kusoma. Cheo hiki sikujipa. Bibi, mama yako, alifariki wewe ukiwa bado hujaweza kufunga kamba ya kaptura yako, na mimi nilipozaliwa muda mfupi baadaye, baba yangu, ambaye ni kaka yako mkubwa, alinipa jina lake, Kabula. Kwa desturi yetu anayepewa jina la mtu hupewa na nafasi yake. Wanasema ulipokuwa ukimlilia mama yako, walikushika mkono wakakupeleka nilipolazwa, wakakwambia, "Nyamaza, mama yako huyu hapa, amerudi." Ukanyamaza. Tangu siku ile mimi kwako ni mayu, yaani mama, na hata sasa una ndevu, bado unaniita mayu ukitaka kuongezewa maziwa.

Mbele ya wageni mimi ni binti wa kaka yako, na nakuamkia shikamoo baba mdogo. Leo nauchukua umama wangu wote, kwa sababu ninayotaka kuyasema binti hawezi kumwambia baba yake mdogo bila kufunika uso. Unajua nilivyo. Sekondari nzima nilikaa dawati la nyuma na sikunyoosha mkono, hata siku nilizokuwa na jibu. Ningetakiwa kuyasema haya kwa mdomo, ningeanza na habari za mvua na ningeishia hapohapo.

Kesho unapanda lori kwenda Geita kuchimba dhahabu. Habari za blanketi, za sabuni isiyopatikana dukani na za kutunza nauli utaambiwa na baba. Mimi nina jambo moja tu. Sitaki uende na vile vichupa vya Jilala. Mchana huu nilipokuwa nikikunja nguo zako nilivikuta ndani ya soksi, pamoja na bomba la sindano. Sikuvitoa. Nimevirudisha kama vilivyokuwa, kwa sababu nataka uvitoe mwenyewe.

Nikwambie kwanza jinsi nilivyofika kwenye shaka hii, maana najua utasema mimi namshuku kila mtu. Ni kweli. Mtu asiyesema sana hubaki na kazi ya kutazama, na anayetazama sana huona mengi ya kushuku.

Mwisho wa kiangazi cha mwaka jana ulikuwa mwembamba. Tulikuwa tunakula michembe, viazi vile vya kukaushwa, asubuhi na jioni, na ng'ombe walikuwa hawatoi maziwa ya kujaza kikombe. Kisha kijiji kikaamua kuchimba upya lambo ili tusiteseke tena kwa maji. Wewe na Ngassa, mtoto wa jirani yetu, mlikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mlichimba, mkabeba udongo kwa machela ya magunia, mkapanda nao ukingoni, mkashuka, mkapanda tena. Jioni, badala ya kupumzika kama watu wengine, mlikwenda kwenye lile trekta bovu la kijiji, mkachukua ekseli yake mkawa mnainyanyua kwa zamu, watoto wakiwahesabia. Halafu mvua zikaja nzuri. Tukavuna mtama, karanga na choroko, ng'ombe wakarudi kutoa maziwa, na wewe ukawa unakula sahani mbili na kulala usingizi wa mtoto mchanga. Mabega yako yakaanza kujaza shati. Tuliona sote.

Jilala alikuja wakati huo. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka ulifikirie. Hakuja wakati wa michembe. Alikuja chakula kikiwa ghalani na lambo likiwa limeshachimbwa, akakuchoma sindano, na kila kilichokua baada ya hapo kikawa cha kwake.

Mtu huyu tunajua nini juu yake? Alikuwa akifanya kazi kwenye josho, akiogesha ng'ombe dawa ya kupe. Kazi hiyo aliiacha, au aliachishwa, hakuna anayejua. Sasa anauza dawa mnadani kutoka kwenye mkoba, za mifugo upande mmoja na za watu upande wa pili, na mkono wake unaingia kote kuwili bila yeye kutazama. Nilimwona.

Lakini nikiri kwamba mwanzoni sikumshuku yeye. Niliposikia umempiga maksai wetu kwa mpini wa jembe mpaka akapiga magoti, wewe ambaye ulikuwa ukimwimbia wakati wa kulima, nilidhani unavuta bangi. Uliporudi kutoka kwenye pombe na kugombana na Ngassa kwa neno dogo, nikasema ni bangi. Nikawa nanusa mashati yako yote kabla ya kuyafua, nikapekua mifuko, nikatembea nyuma ya zizi kutafuta majani. Sikupata kitu, nikazidi kuamini kwamba unaficha vizuri. Kosa langu lilikuwa kutafuta kitu nilichokuwa nakijua tayari. Mashati hayohayo yalikuwa na madoa mgongoni, ya vipele vilivyopasuka, na sikuyasoma, kwa sababu bangi haileti vipele.

Siku iliyonishtua ni ile mdogo wangu alipokukimbilia, kichwa chake kikakugonga kifuani. Ulimsukuma akaanguka. Kisha ukashika chuchu yako kama mama anayenyonyesha anavyoshika titi lililojaa. Ulidhani hakuna aliyeona. Jioni ile nilikukuta zizini nikakuuliza unaumwa nini. Nilikuuliza nikiwa nimegeukia ng'ombe, unakumbuka, nikijifanya nasafisha kibuyu.

"Siumwi," ulisema. "Jilala ananichoma dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya udume. Unataka nieleze zaidi, mayu, au utakimbia?"

Nikazidi kusugua kibuyu. Ukaja ukasimama karibu nami, ukaninyooshea kidole kwenye lile dume letu jeusi.

"Mtazame yule. Sasa mtazame maksai. Wamezaliwa mwaka mmoja, wanachungwa pamoja, wanakula majani yaleyale. Mmoja ana shingo kama gunia la pamba, mwingine ana shingo ya mbuzi. Kimewatofautisha nini?"

Nikatazama chini.

"Unajua, umesoma. Baba yako alimhasi huyu akiwa ndama, yule akamwacha. Basi. Alichonyang'anywa maksai ndicho ninachoongezewa mimi. Kwani hesabu hii ni ngumu?"

Nikachukua maziwa nikaondoka, wewe ukicheka. Uliamini umenishinda, na kwa siku kadhaa hata mimi niliamini hivyo. Hesabu yako si ya mjinga. Ni hesabu ambayo mtu asiyefuga hawezi kuifikiria. Mwalimu wetu wa baiolojia alitufundisha jambo hilohilo kwa maneno mengine: kwamba korodani hutengeneza kitu kinachoitwa homoni, kinaingia kwenye damu na kusafiri mwili mzima, na ndicho kinachomfanya mvulana aote ndevu, sauti yake iwe nzito na apate misuli mipana kuliko ya dada yake. Darasa lilicheka aliposema korodani. Mimi sikucheka, niliinama tu, lakini niliandika kila neno.

Ila zizi lile lina mashahidi wengine ambao hukuwaita. Nilikwenda kuwatazama peke yangu, asubuhi baada ya asubuhi.

Dume hilohilo jeusi, lilikuwaje wakati wa kiangazi kile? Lilikuwa na kila kitu chake, hakuna aliyelihasi, na bado mbavu zake zilionekana kutoka barabarani, nundu imelala upande kama mfuko mtupu. Homoni ilikuwamo ndani yake. Majani ndiyo hayakuwamo. Mwili hauwezi kujenga nyama kwa amri peke yake. Unataka kitu cha kujengea: maziwa, choroko, karanga, dagaa, yai likipatikana. Na huyo maksai unayemdharau, umewahi kutazama mapaja yake baada ya msimu wa kulima? Alinyang'anywa kitu hicho akiwa ndama, lakini kuvuta plau kumemjengea nyama mahali pake. Mweke karibu na maksai wa jirani asiyelima, utaona. Kazi nayo ina sehemu yake. Mwalimu alisema msuli ukitumiwa kwa nguvu kuliko ulivyozoea huumia kidogo, kidogo sana, na mtu akila na kulala mwili huutengeneza ukiwa mnene zaidi ya mwanzo. Akikosa kulala, kazi hiyo haikamiliki.

Kwa hiyo ni mambo matatu, mwanangu, na Jilala amekuuzia moja tu, lile ambalo tayari ulikuwa nalo mwilini mwako bure.

Shahidi mwingine ni Ngassa. Mlichimba lambo moja, mkanyanyua ekseli moja, mkala vyakula vilevile. Yeye hakuchomwa, kwa sababu anaogopa sindano kuliko nyoka, na ninyi mmemcheka sana kwa hilo. Siku ile nilipowaomba mnihamishie magunia ya mtama kutoka ghala la zamani, magunia yalikuwa hayana haraka. Nilitaka kuwaona. Ngassa hakubaki nyuma. Labda wewe una shingo nene zaidi yake kidogo, sitabisha. Ila yeye alimaliza akaketi akacheka, wewe ulimaliza ukatafuta mtu wa kugombana naye.

Sisemi dawa ile haifanyi kitu. Ingekuwa haifanyi kitu, ningelala vizuri.

Hapa ndipo penye neno gumu, na nitaliandika haraka. Kuna sehemu ya somo lile ambayo darasa halikuisikia kwa kelele. Baada ya maneno yako ya zizini nilimfuata mwalimu, nje ya ofisi yake, nikamuuliza kwa sauti ndogo mpaka akainama kunisikia. Alinieleza kwamba ubongo hupima homoni iliyo kwenye damu. Ikipungua, huziamuru korodani zifanye kazi. Ikizidi, huziambia zipumzike. Sasa homoni ikiingia kwa sindano kila wiki, ubongo haujui imetoka kwa Jilala. Unaona damu imejaa, unaziambia zipumzike, na zikipumzika muda mrefu hunywea, na mbegu hazitengenezwi. Na ile inayozidi, nyingine hugeuka mwilini ikawa ya kike, ndiyo sababu mwanamume anaweza kuvimba na kuumwa kifuani. Vipele na hasira navyo alivitaja. Nilimuuliza kama mtu akiacha anapona. Alisema wengi hurudi polepole, wengine huchukua muda mrefu sana, na wapo wasiorudi sawasawa.

Kwa hiyo hesabu yako ya dume na maksai, Masanja, inaweza kukupeleka kinyume. Ulitaka kuwa dume mara mbili, na unaweza kuishia kuwa dume kwa shingo na maksai kwa kwingine. Nimeandika. Siwezi kuliandika tena.

Yule mchumba wako wa Mwakitolyo anakungoja. Umeshasema mbele ya watu kwamba binti wako wa kwanza ataitwa Kabula, ili nami nipate mwenzangu, na wote walicheka ila mimi nililiweka moyoni. Ni mtoto huyo ninayemtetea kwenye barua hii.

Jumamosi nilikwenda mnadani Tinde. Nyumbani nilisema nakwenda kuuza karanga, na kweli nilibeba karanga. Jilala alikuwa amekaa juu ya kreti, wanaume wamemzunguka. Nilipita mara ya kwanza, nikapita tena, nikasimama kando ya wauza kamba. Mwisho nikasogea.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Unauza karanga au unatafuta mchumba?"

Wanaume wakacheka.

"Nataka kuuliza dawa ya Masanja."

"Masanja yupi? Yule fahali wangu?" Akawageukia wenzake. "Mnamkumbuka alivyokuwa? Fimbo ya kuchungia ilikuwa nene kuliko yeye. Kamtazameni sasa."

"Vichupa vyako vimekwanguliwa karatasi," nilisema. "Kwa nini?"

"Ili wezi wa biashara wasisome."

"Ni dawa ya watu au ya ng'ombe?"

"Nyama ni nyama, binti." Wakacheka tena. Mzee mmoja akasema, "Jibu swali la mtoto, Jilala, nasi tusikie." Jilala akapunga mkono kama anafukuza nzi.

Nilikuwa nimebakiwa na swali moja, na nilijua nikivuta pumzi mara ya pili halitatoka.

"Na wewe unajichoma?"

"Mimi?" Akajipiga kifua. "Mimi nimeoa mke mdogo juzi, binti. Bado nazaa."

Kicheko kikawa kikubwa, mpaka wauza kamba wakageuka. Yeye alicheka nao. Kisha nikaona akiacha kucheka kabla yao, macho yakanigeukia, akaniambia kwa sauti nyingine kabisa, "Nenda kauze karanga zako."

Nimeligeuza neno lile tangu Jumamosi. Inawezekana ulikuwa mzaha tu. Wanaume hutaniana hivyo. Lakini mtu anayeuza ugali na mwenyewe haugusi, akaulizwa na wateja kwa nini haugusi, akasema bado anataka kuishi, wewe ungeagiza sahani? Anajua kilichomo. Au hajui, ila anajua yaliyowapata wengine. Na kama hajui lolote, na kwenye vichupa mna mafuta na maji tu, basi sindano yake ile moja imepita kwa wangapi kabla yako? Niliona akiifuta kwa kitambaa anachofutia jasho. Jipu lako la paja, ulilosema ni la mwiba, sikuwahi kuuona huo mwiba. Dawa ikiwa ya uongo, umedanganywa na kuchafuliwa. Ikiwa ya kweli, hiyo ndiyo inanitisha zaidi.

Na yule mtu wa Geita aliyewachagua wachimbaji, naye simwamini, ingawa najua umefurahi kuchaguliwa. Alikuwa akishika watu mikono na kubonyeza mabega kama wanunuzi wanavyobonyeza nundu. Hakuuliza jina la mtu hata mmoja. Anayekutaka kwa sababu ya mkono wako atakutaka mpaka mkono uchoke. Huko mtashuka kwenye shimo wanaloliita duara, mtapiga mwamba kwa nyundo na kupandisha mawe kwa kamba. Kazi hutaikosa. Utakachokosa ni kulala na kula, na nasikia wapo wanaokunywa gongo badala ya chakula cha jioni, kisha wanashangaa kwa nini wanakauka. Mtu akikauka huko ndipo atakapofungua soksi yake na kutafuta kichupa. Nami sitakuwapo kutazama mashati.

Kwa hiyo kula kwanza, kabla ya kumnunulia mtu yeyote kitu. Maharage na dagaa havina sifa, hakuna anayesimama mnadani kuvinadi, lakini lambo lile ulilichimba kwa choroko na maziwa. Lala wenzako wakienda kwenye ngoma. Siku ukihisi mikono inapungua, kumbuka itarudi ukila na kupumzika. Umeshaona ikirudi mara moja.

Kesho alfajiri nitakuwa zizini nikikama. Lori haliji kabla ya jua kuchomoza, utapata nafasi. Niletee vichupa vyote na lile bomba, uviweke chini karibu na kibuyu, nami nitavifukia. Sitakuuliza kitu na sitamwambia baba. Ukifika Geita, kabla hujashuka shimoni, nenda hospitali ukamwambie daktari ulichochomwa na kwa muda gani, umwonyeshe na kifua. Usimdanganye kama ulivyonidanganya mimi habari za mwiba. Madaktari wameona wanaume wengi, hawatafunika uso.

Usipokuja zizini, nitakufuata mpaka kwenye lori. Mbele ya yule mtu wa Geita, na dereva, na Ngassa, na wote watakaokuwa wameshapanda, nitakuuliza kwa sauti kwa nini mwenye dawa hajichomi, na nitawaambia alichonijibu. Najua unadhani siwezi. Mpaka Ijumaa iliyopita, hata mimi nilidhani hivyo.

Mayu wako,
Kabula